Injini kubwa ya pikipiki ya theluji haiishii kwenye silinda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu makala ya ufundi mliyoichapa hivi karibuni kuhusu seti za kupanua injini (yaani silinda na pistoni kubwa zaidi) za pikipiki za theluji zinazopanda milima. Mwandishi ameeleza vizuri hamu ya waendeshaji wa milima ya magharibi mwa Marekani na Kanada ya kupata nguvu zaidi, na maelezo yake juu ya historia ya mashine hizi, tangu Joseph-Armand Bombardier wa Quebec alipoingiza pikipiki ya theluji ya Ski-Doo sokoni mwaka 1959, yalisomeka kwa raha. Hata hivyo, amewaachia wasomaji mambo mawili ambayo mtu aliyezoea kufungua na kufunga injini za mipigo miwili (zinazowaka kila mara pistoni inapopanda na kushuka) hawezi kuyanyamazia. La kwanza ni kwamba silinda kubwa hurudisha nguvu inayopotea kwa sababu ya hewa nyepesi ya mlimani. La pili ni kwamba kazi yenyewe ni kuvua silinda za zamani, kupachika mpya na kuondoka zako. La kwanza linakanushwa na hesabu, na la pili ndilo linalomrudisha mtu kwa fundi akiwa ameshika pistoni iliyotoboka.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ni fupi. Injini ya kampuni ya Polaris ya daraja la 800, ambayo imetumika sana milimani, ina silinda mbili zenye kipenyo cha milimita 85 na mpigo, yaani umbali ambao pistoni husafiri, wa milimita 70, na jumla ya ujazo wake ni sentimita za ujazo 794. Seti ya kupanua kwa kawaida haigusi mpigo, kwa kuwa krenki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, inabaki ileile. Kinachoongezwa ni kipenyo tu. Ujazo hukua kwa mraba wa kipenyo, hivyo silinda ikitoka milimita 85 ikafika 90, injini inatoka 794 na kufika 891, yaani nyongeza ya asilimia 12. Hiyo ni nyongeza ya kweli na mwendeshaji ataihisi kwenye kidole cha gesi.

Sasa tuipeleke juu. Barabara inayovuka Togwotee Pass, katika jimbo la Wyoming, hufika karibu mita 2,940 juu ya usawa wa bahari, na mji mdogo wa Cooke City huko Montana, ambao kwa wengi ni mahali pa kuanzia safari tu, uko juu ya mita 2,300. Katika mita 3,000 msongamano wa hewa ni takriban asilimia 74 ya ule wa pwani. Kwa hiyo injini yetu ya 794 huvuta hewa inayolingana na ile ambayo injini ya 589 ingeivuta kando ya bahari, na ile iliyopanuliwa hadi 891 huvuta hewa ya injini ya 661. Imepata sabini na mbili mahali ambapo mlima umechukua zaidi ya mia mbili. Anayetaka kufidia hasara yote kwa ukubwa wa silinda peke yake angehitaji injini ya karibu sentimita 1,070, na hakuna seti ya kawaida inayoweza kuitoa kutoka kwenye kizimba (ganda la chini linaloshika krenki) cha injini ya 800. Injini kubwa na ndogo hupoteza asilimia ileile zinapopanda. Kubwa huanza tu kupoteza ikiwa na akiba zaidi. Kinachorudisha hewa iliyopotea ni turbo, yaani feni inayosukuma hewa, kwa kuwa hurudisha kanieneo kabla hewa haijaingia kwenye injini, na ndiyo sababu Ski-Doo, kwa toleo la mwaka 2021, ilitoa modeli ya Summit 850 yenye turbo kutoka kiwandani na kutangaza kwamba ingebaki na nguvu za farasi 165 hadi futi 8,000, yaani karibu mita 2,400. Mwandishi wenu aliziweka turbo na silinda kubwa katika kapu moja, kana kwamba ni njia mbili za kufika mahali pamoja.

Sisemi kwamba seti hizi hazina kazi. Pikipiki ya theluji ya mlimani huzungusha mnyororo wa mpira wenye urefu wa takriban mita nne, ambao meno yake yanaweza kuzidi sentimita sita, na katika theluji laini na nzito kinachotakiwa ni nguvu ya kuendelea kuuzungusha bila mizunguko ya injini kushuka. Asilimia 12 katika hali hiyo inaweza kuwa tofauti kati ya kuendelea kuelea juu ya theluji na kuzama ndani yake. Tena yuko mmiliki ambaye silinda zake zimekwisha kuharibika na analazimika kununua nyingine kwa vyovyote vile. Kwa huyo, kuchagua kipenyo kikubwa zaidi ni uamuzi wa busara, mradi aelewe kwamba amenunua sehemu ya kazi, na sehemu iliyobaki ataimaliza kwa vipimo.

Hapa ndipo makala ilipoteleza zaidi. Ilizungumzia kutanua silinda kana kwamba ni silinda ya chuma cha kuyeyushwa, ambayo fundi wa mashine huichonga tu hadi saizi inayofuata. Silinda za injini hizi ni za aluminiamu, na ukuta wake wa ndani umepakwa tabaka jembamba la nikeli lenye chembechembe za silikoni kabidi, ambalo mafundi hulijua kwa jina la Nikasil. Tabaka hilo ni gumu kiasi kwamba hung'arishwa kwa mawe ya almasi, na ni jembamba kiasi kwamba kulichonga ili kupata kipenyo kipya ni kulimaliza. Kwa hiyo silinda ya seti imepatikana kwa njia moja kati ya tatu: imesubiwa upya kiwandani ikiwa kubwa, au ni ya zamani iliyovuliwa tabaka, ikachongwa, kisha ikapakwa tena, au imetiwa bushi ya chuma. Mnunuzi hana budi kujua ni ipi, kwa sababu bushi ya chuma hupitisha joto polepole kuliko aluminiamu na haitanuki kwa kiasi kilekile, kwa hiyo nafasi kati ya pistoni na ukuta hupangwa kwa namba tofauti kabisa. Muuzaji asiyeweza kulijibu swali hili, binafsi nisingempa pesa yangu.

Kabla ya seti hata kuagizwa, krenki ipimwe. Pistoni kubwa zaidi kwa kawaida ni nzito zaidi, na injini inayozunguka mara 8,000 kwa dakika huisimamisha kila pistoni na kuigeuza mara 16,000 katika dakika hiyohiyo. Mzigo wote huo huenda kwenye beringi zilezile na pini zilezile zilizokuwa zikibeba pistoni ndogo. Krenki za injini hizi huundwa kwa vipande vilivyoshindiliwa pamoja, wala si kwa pande moja la chuma, na kwa hiyo zinaweza kujisokota: mkanda wa klachi ukikatika ghafla, au mnyororo ukidaka ardhi ngumu wakati injini iko kwenye kilele chake, vipande hivyo huweza kuteleza kidogo na pembe kati ya silinda mbili ikapotea. Geji yenye mshale, ikiwekwa kwenye ncha ya krenki na kuzungushwa taratibu, huonyesha kama shafti imepinda kupita kiwango cha kitabu cha kiwanda. Konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na krenki, nayo hujaribiwa kwa kuisukuma juu na chini. Ikicheza wima, beringi yake ya chini imekwisha. Kufunga silinda mpya juu ya krenki iliyochoka ni kutupa silinda, na hili ndilo kosa la gharama kubwa kuliko yote katika kazi hii, ingawa makala haikulitaja hata kwa neno moja.

Kuna seti zinazokaa juu ya kizimba cha krenki bila kukigusa, na kuna zile ambazo shingo ya silinda ni pana kiasi kwamba mdomo wa kizimba lazima uchongwe. Za aina ya pili zinataka injini ishushwe yote na kufunguliwa kabisa, kwa sababu unga wa aluminiamu ukiingia kwenye beringi za krenki hautoki kwa kupulizwa. Nimewahi kusikia ushauri wa kuziba kwa vitambaa na kuchonga injini ikiwa palepale ndani ya fremu. Ushauri huo haufai.

Vali za ekzosi nazo zisisahauliwe. Injini nyingi za mipigo miwili za siku hizi zina ulimi wa chuma unaoshuka na kupanda kwenye tundu la ekzosi, yaani la kutolea moshi, kufuata mizunguko ya injini, na ulimi huo ulikatwa kiwandani kulingana na mviringo wa silinda ya zamani. Silinda ikipanuliwa, ukuta unausogelea ulimi, na usipopunguzwa au kubadilishwa, ncha yake hujitokeza ndani na kugongwa na pistoni au kunasa ringi, pete inayoizunguka pistoni. Ni jambo la kuangalia kwa tochi na kidole kabla hedi, kifuniko cha juu cha silinda, haijafungwa, na linachukua muda mfupi sana ukilinganisha na kuokota vipande vya ringi kwenye kizimba.

Niruhusu sasa nikae kidogo kwenye vipimo vya pistoni, kwa kuwa ndiko ufundi uliko. Aluminiamu hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma cha kuyeyushwa. Pistoni ya milimita 90 ikiwa na joto la nyuzi 100 zaidi ya silinda yake, kipenyo chake kinaweza kukua kwa karibu sehemu mbili za kumi za milimita, na nafasi iliyoachwa kati yake na ukuta huwa katika kiwango hichohicho kidogo. Pistoni iliyofuliwa kwa kushindiliwa ni imara zaidi kuliko ya kusubu, lakini kwa kawaida hutanuka zaidi na hutaka nafasi kubwa zaidi. Fundi anayeifunga kwa namba za pistoni ya kiwandani anatayarisha injini ya kushika, yaani pistoni kukwama ndani ya silinda. Kwa hiyo kila pistoni ipimwe kwa maikromita mahali mtengenezaji alipoelekeza, na kila silinda ipimwe juu, katikati na chini, kwa pande mbili, hata kama boksi limeandikwa kwamba kila kitu kimekwisha kupimwa. Ringi huingizwa peke yake ndani ya silinda, ikanyooshwa kwa kusukumwa na taji (uso wa juu) la pistoni, kisha mwanya wa ncha zake ukapimwa kwa fila geji, yaani vibati vyembamba vya kupimia nafasi; kanuni ya zamani ya asilimia 0.4 ya kipenyo hutoa karibu milimita 0.36 kwa silinda ya milimita 90, ingawa namba ya mtengenezaji ndiyo inayotawala. Kingo za matundu ya silinda iliyopakwa upya zikunwe kidogo zipoteze ukali, maana ringi hupita juu yake maelfu ya mara kwa dakika. Mshale wa taji la pistoni kwa kawaida huelekea kwenye ekzosi. Klipu za pini ziwe mpya, na mwanya wa klipu uelekee juu au chini, si pembeni.

Baada ya hapo huja pengo ambalo makala haikuligusa kabisa, yaani nafasi inayobaki kati ya ukingo wa pistoni na hedi pistoni inapofika juu kabisa. Hupimwa kwa waya laini wa risasi wa kulehemu. Waya huingizwa kwenye tundu la plagi hadi uguse ukuta wa silinda, krenki huzungushwa kwa mkono mpaka pistoni ipite kilele chake, kisha ncha ya waya iliyobanwa hupimwa unene. Waya uwekwe upande wa pini, kulia na kushoto, kwa sababu pistoni huyumba kuelekea mbele na nyuma na kipimo cha huko hudanganya. Katika injini za ukubwa huu pengo hilo mara nyingi huwa kati ya milimita 1 na 2. Likiwa dogo mno, pistoni itagusa hedi chuma kinaporefuka kwa joto na mizunguko. Likiwa kubwa mno, mchanganyiko ulioko pembezoni haubanwi kuelekea katikati, hubaki pale ukipata joto, na huweza kulipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Mlipuko huo wa pembeni ndio mafundi wanaouita kugonga, na alama zake ni vishimo kama vya mchwa kwenye ukingo wa taji na madoa madogo meusi kwenye kauri ya plagi.

Kugonga kunatupeleka kwenye mgandamizo. Tuchukue chumba cha moto cha sentimita 30 za ujazo kama mfano. Silinda moja ya injini ya 794 ina sentimita 397, na ukipima kwa mpigo mzima uwiano wake wa mgandamizo ni 14.2 kwa 1. Weka silinda ya 445 chini ya chumba hichohicho na uwiano unapanda hadi 15.8 bila mtu kuigusa hedi. Katika mita 3,000, ambako hewa inayoingia ni chache, injini inaweza kuuvumilia uwiano huo na kwa kweli huufurahia. Mashine hiyohiyo ikiteremshwa hadi mabonde ya chini, ikajazwa petroli ya oktani ndogo na kufunguliwa gesi yote kwenye njia ndefu iliyonyooka, itagonga hadi ringi zivunjike. Ndiyo maana seti nzuri huja na hedi yenye vyumba vinavyobadilishwa, kimoja cha kuendeshea milimani na kingine cha mabondeni, na ndiyo maana swali la kwanza la fundi makini kwa mteja ni utaendesha katika kimo gani. Kipimo cha ukubwa huja baadaye.

Kuhusu petroli, makala ilisema kwamba injini zenye sindano za kompyuta hujirekebisha zenyewe. Katika mashine nyingi za aina hii kompyuta haipimi hewa inayoingia kwenye injini. Inasoma mizunguko, nafasi ya gesi, joto la hewa na kanieneo, kisha hutazama jedwali lililoandikwa kiwandani kwa ajili ya injini ya 794 na kutoa kiasi cha petroli kilichoandikwa humo. Haina habari kwamba silinda zimekua. Hewa imeongezeka kwa asilimia 12, petroli imebaki palepale, na mchanganyiko umekuwa hafifu katika kila nafasi ya gesi. Aluminiamu safi huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na gesi inayowaka ndani ya silinda ina joto linalozidi mara kadhaa kiwango hicho. Kinachoiokoa pistoni ni kwamba joto lake hunyonywa na ukuta wa silinda, na petroli inayoingia huipoza. Petroli ikipungua, taji hulainika, hutoboka, na safari inaishia hapo kwenye theluji. Kwa hiyo kompyuta iandikwe upya au kipachikwe kifaa cha kuongeza muda wa sindano, na marekebisho yathibitishwe kwa kipima joto cha ekzosi na kwa kusoma rangi ya plagi, tena katika baridi ileile mashine itakayotumika, kwa kuwa hewa ya nyuzi 25 chini ya sifuri ni nzito kuliko hewa ya siku ya kwanza ya masika na huomba petroli zaidi. Kwenye mashine za kabureta, tundu za petroli zibadilishwe kwa mantiki hiyohiyo. Hapa kuna mtego mdogo unaowanasa hata mafundi wazoefu: wengi huchanganya oili ya ziada ndani ya petroli ya tangi la kwanza ili kuzilinda ringi mpya, jambo ambalo ni jema, lakini oili hiyo inachukua nafasi ya petroli kwenye sindano na kuufanya mchanganyiko uwe hafifu zaidi kidogo. Anayefanya hivyo aanze na jedwali lenye petroli ya kutosha.

Kabla ya kuwasha, injini ifanyiwe jaribio la uvujaji. Matundu ya ekzosi na ya kuingiza hewa huzibwa, hewa husukumwa ndani hadi karibu nusu ya kanieneo ya anga, na geji huangaliwa kwa dakika kadhaa. Ikishuka, maji ya sabuni hupakwa kwenye sili za krenki, kwenye shingo za mpira na kwenye maungio ya silinda mpaka mapovu yaonekane. Katika injini ya mipigo miwili, kizimba cha krenki ni sehemu ya njia ya hewa, kwa hiyo sili iliyochoka huingiza hewa isiyo na petroli na kuharibu marekebisho yote yaliyotajwa hapo juu. Jaribio hili halihitaji kifaa cha gharama, na sielewi kwa nini watu hulikwepa.

Klachi nayo ina lake. Pikipiki hizi hazina gia za kubadilisha. Zina klachi mbili za kuteleza zilizounganishwa kwa mkanda, na uzito ulio ndani ya klachi ya mbele ndio unaoamua injini itafanya kazi kwenye mizunguko mingapi inapobebeshwa mzigo. Injini yenye nguvu zaidi ikiachiwa uzito uleule itapita mizunguko ya kilele chake na kupiga kelele bila kusukuma, huku mkanda ukiungua. Uzito huongezwa, springi hubadilishwa, na wakati mwingine pembe ya klachi ya nyuma pia, mpaka mizunguko ikae mahali ambapo ekzosi iliundiwa kufanyia kazi. Kwa maoni yangu, wamiliki wengi wanaolalamika kwamba mashine zao za 800 ni dhaifu wangepata sehemu nzuri ya wanachokitafuta kwa kupanga klachi kulingana na kimo wanachoendesha, kabla ya kufungua hata nati moja ya hedi.

Kisha lipo suala la kupasha joto, ambalo kwa mashine ya theluji ni zito kuliko kwa injini nyingine. Maji ya kupozea hupita kwenye mabomba yaliyo chini ya kiti na hupozwa na theluji inayorushwa na mnyororo. Mwendeshaji anayewasha na kuondoka papo hapo hupata pistoni inayotanuka kwa haraka ndani ya silinda ambayo bado ni baridi, na pistoni hushika kwenye pembe zake nne ingawa petroli na oili vilikuwa sawa. Pistoni iliyofuliwa na kipenyo kikubwa huongeza hatari hii. Subira ya kuacha maji yafike angalau nyuzi 40 inatosha kuizuia. Na kinyume chake, kwenye njia ngumu ya barafu ambako mnyororo haurushi theluji, injini iliyopanuliwa huchemka mapema zaidi, kwa hiyo viwekwe vile vijiti vya kukwaruza barafu ili chembe zake zirushwe kwenye mabomba hayo.

Kuhusu sheria nitasema kidogo. Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, lilitoa mwaka 2002 viwango vya moshi vilivyoanza kuzihusu pikipiki za theluji za toleo la 2006, na Sheria ya Hewa Safi ya nchi hiyo inakataza kulemaza vifaa vya kudhibiti moshi kwenye injini iliyoidhinishwa. Hifadhi ya Yellowstone huruhusu tu mashine zilizothibitishwa kutimiza viwango vyake vya moshi na kelele. Dhamana ya kiwanda mara nyingi hukoma kwa injini iliyobadilishwa namna hii. Haya yangestahili aya moja katika makala yenu, kama vile lingestahili pia jambo jingine: injini inayopanda zaidi humfikisha mwendeshaji kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, na miteremko ya namna hiyo ndiyo inayozalisha maporomoko mengi ya theluji. Kisambaza mawimbi cha masafa ya kilohezi 457, cha kumtafutia mtu aliyefukiwa na theluji, koleo na ufito wa kupimia vigharimiwe kabla ya silinda, kwa kila mtu aliye katika msafara.

Ombi langu, Ndugu Mhariri, ni dogo. Makala ilieleza kwamba vifaa vinavyohitajika ni seti ya spana na siku moja ya kazi. Naomba mrekebishe sentensi hiyo, kwa kuwa msomaji anayeifuata atakosa maikromita, geji ya mshale, fila geji, waya wa risasi, kifaa cha jaribio la uvujaji, spana yenye kipimo cha nguvu ya kukazia bolti za hedi kwa mpangilio wa msalaba, na kipima joto cha ekzosi. Baadhi ya vifaa hivyo huazimwa, na kazi ya kuchonga hupelekwa kwa mwenye mashine. Hakuna aibu katika hilo. Na mkipata nafasi ya kuandika tena, mwambieni mwenye mashine azihifadhi silinda, pistoni na hedi zake za zamani ndani ya mafuta ya kuzuia kutu, pamoja na nakala ya jedwali la awali la kompyuta, kwa sababu siku atakayotaka kuiuza mashine kwa mtu wa mabondeni, ndivyo vitakavyohitajika.

Wasalaam,

Fundi wa injini za mipigo miwili, msomaji wenu